Kwa Nini Ukingo Mpya wa Mfereji Hubomoka Maji Yakiingia

Kila baada ya mafuriko ya mto Tana, wakulima hufika ofisini na swali moja. Husema: "Tulijenga ukingo wa mfereji kwa jasho letu. Ulikaa juani siku nyingi, ukawa mgumu kama tofali. Siku chache baada ya kufungulia maji, ukabomoka. Je, tumekosa nini?"

Swali hili ni la maana sana. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalifunika mashamba mengi ya kando ya mto hapa Garissa na kusini yake, na kazi ya kutengeneza mifereji upya imekuwa kubwa. Jibu si refu, lakini yatubidi kwanza tujue jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa, nalo ni jinsi udongo unavyobeba mzigo, na jinsi hewa na maji yanavyotoka ndani yake unapokandamizwa. Mkulima akilijua jambo hili atajenga ukingo unaodumu, ataweka tangi la maji lisiloinama, na tena hataliharibu shamba lake kwa trekta na ng'ombe.

SHAURI LA MAJIRANI

Msimu mmoja kikundi cha wakulima kilijenga upya mfereji wake wa pamoja, urefu wa karibu mita 200. Walifanya haraka, maana miche ya vitunguu ilikuwa imekwisha kuwa tayari kitaluni. Mimi mwenyewe nilikwenda siku ya mwisho kuandika habari za kazi. Niliuona ukingo umenyooka, urefu wake wafika kiunoni mwa mtu. Nikawasifu, nikaandika katika daftari kwamba kazi imekwisha vizuri.

Siku ya tatu baada ya pampu kuwashwa, alfajiri, ukingo ulikutwa umekatika mahali pamoja. Pengo lilikuwa na upana wa hatua mbili tu, na kuta zake zilisimama wima kana kwamba zimekatwa kwa jembe. Maji yote yalikuwa yamemwagika katika shamba la mzee mmoja ambaye zamu yake ya maji ilikuwa bado siku nne, na ambaye mahindi yake yalikuwa yameanza kusinyaa. Wenzake wa mbele hawakupata hata tone, na miche yao ya vitunguu ikakauka.

Walikuja ofisini wote pamoja, wamekasirika. Yule mzee alisema: "Mwalimu, naapa sikushika jembe usiku ule." Kijana mmoja akamjibu: "Mzee, tunakuheshimu, lakini ukingo haujikati wenyewe."

Tulikwenda kutazama. Nilichukua fimbo yangu nikaichoma ukingoni karibu na pengo. Iliingia mpaka mkono ukagusa udongo. Tulitembea juu ya ukingo mzima, tukaona nyufa ndefu zinazofuata mfereji, na mahali kadhaa juu pamezama kama mgongo wa punda mzee. Nikauliza: "Mahali hapa palipokatika mlipajenga lini?" Wakajibu kwamba ndipo walipomalizia, siku ya mwisho. Trela ilikuwa imemwaga madongoa makavu, wakayasawazisha juu kwa majembe, basi.

Hapo nikajua kwamba ukingo ulikuwa umejikata wenyewe, nami nilikuwa nimeusifu. Sasa nitaeleza ulivyojikata.

UDONGO NI VITU VITATU

Ukishika bonge la udongo mkononi waona kitu kimoja. Kwa kweli umeshika vitu vitatu: chembe, maji na hewa. Chembe za mchanga ni kubwa, waweza kuziona. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona. Katikati ya chembe mna nafasi, na katika udongo wa shamba uliolimwa nafasi hizo huchukua karibu nusu ya bonge lote. Nafasi zikijaa maji tupu, twasema udongo umeshiba. Zikiwa na maji kidogo na hewa kidogo, udongo haujashiba. Katika nchi yetu hii ya jua kali, udongo mwingi tunaochimba na kujengea haujashiba, na ndio huo unaotudanganya.

Fanya jaribio hili nyumbani, na watoto watazame. Kata chupa ya plastiki, utie udongo mkavu wa tifutifu bila kuushindilia, mpaka karibu na ukingo wa chupa. Weka jiwe dogo juu yake, na utie alama kwa kalamu mahali udongo ulipofika. Jiwe linakaa, wala udongo haushuki sana. Sasa mimina maji polepole pembeni. Utaona vipovu vya hewa vinapanda, na udongo unashuka pamoja na jiwe lake. Hukuongeza mzigo wowote isipokuwa maji.

NGUVU YA KUAZIMA

Kwa nini udongo ule ulibeba jiwe ulipokuwa mkavu, ukashindwa ulipopata maji? Nenda ukatazame watoto wakicheza kando ya Tana. Mchanga mkavu haufinyangiki. Mchanga wenye unyevu kidogo wanaufinyanga juu ya mguu, wanautoa mguu polepole, na nyumba yao inasimama. Lakini ukiimwagia nyumba hiyo kibuyu cha maji, inaanguka. Mchanga ni ule ule, ila maji yamezidi.

Sababu ni hii. Maji yakiwa machache hukaa mahali chembe zinapogusana, huzishika na kuzivuta pamoja, kama vipande viwili vya kioo vilivyolowa ambavyo ni vigumu kuviachanisha. Twaweza kuiita kiu ya udongo. Kadiri udongo unavyokauka, ndivyo kiu inavyozidi, na katika mfinyanzi nguvu hii ni kubwa sana. Ndiyo inayofanya dongoa kavu liwe gumu hata jembe likaruka.

Lakini nguvu hii ni ya kuazima. Maji mengi yakiingia, kiu inakwisha, na chembe zinaachana. Kama chembe zilikuwa zimebanana tangu mwanzo, udongo utasimama. Kama zilikuwa zimekaa mbali mbali, zikishikiliwa na kiu tu, zitaangukiana na ukingo utazama. Ugumu wa ukingo juani, basi, si dalili kwamba ukingo ni imara, kwa maana hata ukingo mbovu huwa mgumu juani.

HEWA HUTOKA UPESI, MAJI HUTOKA POLEPOLE

Sasa tutazame kinachotokea udongo unapowekewa mzigo. Mjazaji wa gunia la mahindi hulitikisa na kulipiga chini, na mahindi hushuka. Hakuna punje iliyotoka. Kilichotoka ni hewa, na punje zimesogeleana. Udongo wenye hewa nyingi hufanya vivyo hivyo. Ukiupiga, hewa hutoka kwa haraka, nao hushuka papo hapo.

Maji yaliyomo hubaki. Lakini kwa kuwa nafasi zimepungua, maji yale yale sasa yanajaza sehemu kubwa zaidi ya nafasi zilizosalia. Ndiyo sababu udongo mbichi ukikanyagwa kanyagwa huanza kung'aa maji juu, ingawa hakuna mtu aliyeongeza maji.

Hewa ikikaribia kwisha mambo hubadilika, kwa sababu maji hayakubali kubanwa. Mzigo mpya hubebwa kwanza na maji, wala chembe hazibanani, na udongo huwa laini, huteleza na kutikisika kama maziwa mgando. Huwezi kuushindilia tena hata ukipiga mchana kutwa. Ni lazima kwanza maji yatafute njia ya kutoka. Katika mchanga hutoka kwa dakika chache. Katika mfinyanzi, ambao njia zake ni nyembamba mno, huchukua miezi, na udongo ukiwa mnene huchukua hata miaka.

Mtu aliyeieleza kazi hii kwa hesabu ni mhandisi Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague. Alianza kuichunguza alipokuwa mwalimu huko Istanbul, kwa vyombo alivyojitengenezea, na mwaka 1925 akatoa kitabu chake. Alionyesha kwamba tabaka la mfinyanzi likizidi unene mara 2, muda wa maji kutoka huzidi mara 4. Jambo hili si geni kwetu. Kikoi kilicholowa hukauka kabla ya adhuhuri, na blanketi zito hulala kambani mpaka kesho yake.

Liko jambo la tatu ambalo watu hulisahau. Maji hupita katika nafasi zenye maji. Nafasi yenye hewa, kwa maji, ni kama njia iliyofungwa kwa miiba. Kwa hiyo udongo uliokauka nusu hauachi maji yake upesi, wala hauyapitishi upesi mpaka katikati ya dongoa. Ukimwaga maji juu ya madongoa makavu na kuanza kushindilia hapo hapo, nje utapata tope na ndani vumbi.

ULE UKINGO ULIVYOKATIKA

Turudi kwa wale majirani. Madongoa yaliyomwagwa na trela yalikuwa na nafasi kubwa katikati, hata fimbo ilipita. Kila dongoa peke yake lilikuwa gumu kwa sababu ya kiu yake. Maji ya mfereji yalipoingia, kiu ilikwisha, madongoa yakalainika na kuangukiana, na ukingo ukashuka.

Ukingo wa sentimita 100 uliorundikwa tu bila kushindiliwa waweza kushuka sentimita 10 au zaidi. Tena haushuki sawasawa. Panaposhuka zaidi ya kwingine, hapo ndipo maji huruka juu. Maji ya mfereji mzima yakipata mlango mmoja mdogo, huuchimba kwa muda mfupi, na udongo wa mfinyanzi humeguka wima. Asubuhi mtu akiona kuta zile, husema ni jembe.

Nilipoeleza hayo pale pale penye pengo, na kijana akachoma fimbo kwa mkono wake mahali patatu, alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mzee akasema: "Mzee, nisamehe." Hasara ya vitunguu haikurudi, lakini ujirani ulirudi. Katika skimu, ambamo watu wanakunywa na kulima kwa mfereji mmoja, ujirani ni mali.

NAMNA YA KUJENGA

Maana ya kushindilia ni kuitoa hewa sisi wenyewe, kabla maji hayajaitoa kwa namna yake. Udongo mkavu mno hukataa, kwa sababu kiu inazishika chembe zisisogee. Udongo uliolowa mno nao hukataa, kwa sababu nafasi zimejaa maji. Kati ya hayo pana unyevu wa kadiri ambao udongo hukubali kubanana kuliko wakati wowote. Mhandisi R. R. Proctor, aliyekuwa akijenga mabwawa ya maji ya mji wa Los Angeles, Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1933, na mpaka leo wajenzi wa barabara na mabwawa hulifuata. Mkulima hahitaji mashine ili alifuate. Na afanye hivi:

1. Ondoa majani, mizizi na udongo laini mahali ukingo utakaposimama. Kwaruza ardhi kwa jembe ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Ukiujenga juu ya majani, maji yatapita chini yake majani yakioza.

2. Nyunyizia udongo maji jioni, uugeuze kwa beleshi, uvunje madongoa yote yanayozidi yai la kuku, kisha uufunike kwa majani au mikeka. Uache ulale na unyevu wake usiku kucha ili maji yafike ndani. Kazi ya kushindilia na ianze alfajiri, kabla ya jua kuukausha.

3. Upime kwa mkono. Finya konzi ya udongo. Ikiwa haishikani, ni mkavu. Ikiwa mkono unabaki na maji au tope, umezidi. Ikiwa inakuwa tonge imara, na tonge hilo ukiliangusha toka kiunoni hadi chini penye ugumu linavunjika vipande vichache, unyevu umefaa.

4. Tandaza tabaka jembamba la sentimita 15, lisizidi. Shindilia kwa gogo zito au chuma kizito chenye mpini mpaka tabaka lishuke kufika karibu sentimita 10, na sauti ibadilike kutoka puu kuwa dang'. Pigo la mkono halifiki mbali, na tabaka la sentimita 40 likipigwa juu hubaki teketeke chini.

5. Kwaruza juu ya tabaka hilo, kisha uongeze jingine. Usimalizie kwa haraka. Siku ya mwisho na ifanane na siku ya kwanza.

6. Uzipe kingo mteremko. Kwa kila hatua 1 ya kwenda juu, toka hatua 2 kwa pembeni. Uache sentimita 30 juu ya usawa wa maji ya kawaida.

7. Usijaze mfereji siku ya kwanza. Tia maji mpaka theluthi, ungoje siku moja au mbili, utembee ukingoni ukitafuta nyufa na mahali palipozama. Patengeneze, kisha uongeze. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

8. Panda nyasi fupi juu ya ukingo ili usikauke na kupasuka. Usipande miti mikubwa, kwa maana mizizi ikifa huacha mashimo.

JARIBU UDONGO WAKO, USIIGE WA MWINGINE

Udongo haufanani. Mbali huko juu, katika vijito vinavyoingia mto Chania na mwishowe Tana yetu, liko bwawa la Sasumua, Kinangop, linalopeleka maji Nairobi. Lilikamilika mwaka 1956, nalo ni la udongo. Walipolijenga, mfinyanzi mwekundu wa pale uliwatia wasiwasi wahandisi, kwa sababu vipimo vya kawaida vya nchi nyingine vilionyesha una maji mengi mno na uzito mdogo ukishindiliwa. Terzaghi, ambaye sasa alikuwa mzee, aliuchunguza, na mwaka 1958 akaandika kwamba ulikuwa mwema kwa kazi hiyo. Chembe zake zimeshikamana katika vijibonge vigumu, na maji yale mengi yamo ndani ya vijibonge, hayaudhoofishi.

Udongo wetu wa huku chini ni mwingine. Upo mweusi ambao huvimba ukipata maji na kupasuka ukikauka. Huo usiutumie peke yake juu ya ukingo kama una udongo mwingine karibu. Tena katika sehemu nyingi za skimu ya Bura, udongo wa chini una chumvi ya namna ya magadi, nao ni adui mkubwa wa kingo, kwa sababu chembe zake hutawanyika majini hata pasipo mkondo mkali.

Kuujua ni rahisi. Tia maji safi ya mvua katika glasi, uangushe kijibonge kikavu cha udongo, kadiri ya punje ya mahindi, wala usikoroge. Tazama baada ya dakika 10, na tena baada ya saa moja. Kikivunjika na kukaa chini, huku maji yakibaki meupe, si neno. Wingu la rangi ya maziwa au chai likianza kuenea chini ya glasi lenyewe, udongo huo usijengee ukingo. Chimba kwingine, au umwite Bwana Shamba.

TANGI, PAMPU NA NYUMBA

Kanuni ni ile ile. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, kama kundi zima la ng'ombe limesimama juu ya kitanda kimoja. Udongo uliojazwa jana shimoni utalibeba wakati wa ukavu. Bomba likianza kuvuja upande mmoja, upande huo utapoteza kiu yake na kushuka, na tangi litainama. Kwa hiyo shindilia msingi kwa matabaka, na ulifanye bomba la kufurikia limwage maji mbali na msingi. Tone linaloanguka mahali pamoja kila siku laharibu msingi kuliko mvua ya siku moja. Fanya vivyo hivyo kwa jukwaa la pampu, na kwa mtaro wa bomba unaopita chini ya njia.

SHAMBANI MAMBO NI KINYUME

Wakulima wengi hawakumbuki sehemu hii. Unyevu unaofaa kabisa kwa kushindilia ukingo ndio usiofaa kabisa kwa kupitisha trekta shambani. Ukingoni twataka hewa itoke. Shambani twataka hewa ibaki, maana mizizi hupumua.

Trekta au trela iliyojaa ikipita shamba lililonyweshwa juzi, hewa hutoka papo hapo chini ya magurudumu, na mzigo mzito hufika chini kuliko jembe linavyofika. Ng'ombe nao hufanya hivyo karibu na juu. Hatua kwa hatua linajengwa sakafu chini ya shamba, nawe umelipia dizeli ya kuijenga. Maji ya zamu yako hutuama juu ya sakafu hiyo, mizizi hugeuka kwenda pembeni, na chumvi ambayo ingeoshwa ishuke hubaki pale pale. Mahindi huwa ya manjano, na mkulima hununua mbolea, kumbe ugonjwa si njaa.

Kutambua sakafu hii, chimba shimo la sentimita 40 kati ya mistari. Tazama kama mizizi imegeuka ghafla kwenda pembeni, na kama udongo unabanduka kama sahani. Kuizuia ni rahisi kuliko kuiponya. Kabla ya kuingiza trekta, chukua udongo kutoka chini, kina cha jembe, uuviringishe kama mnyoo katikati ya viganja. Ukiviringika mwembamba bila kukatika, ngoja. Ukikatika katika vipande, ingia. Chagua njia moja ya magari na uifuate kila mara, ili uharibifu ukae mahali pamoja. Fukuza mifugo katika shamba bichi. Rudisha mabua na samadi, kwa maana hivyo hushikilia nafasi za hewa. Na kama sakafu imekwisha kujengwa, ivunje udongo wa chini ukiwa mkavu. Ukiukata ukiwa mbichi, chuma hupaka tope tu kama mtu anayesiriba ukuta.

MANENO YA MWISHO

Kikundi kile kilijenga upya ukingo wake. Kazi ambayo mara ya kwanza ilimalizika kwa siku 5 ilichukua siku 11, wanawake wakinyunyizia na kufunika jioni, vijana wakishindilia alfajiri, na yule mzee ndiye aliyepewa kazi ya kupima tonge. Akisema "bado", hakuna aliyemwaga tabaka jingine. Ukingo huo umepita misimu miwili. Nami katika daftari langu siku hizi siandiki kwamba kazi imekwisha vizuri mpaka nimeichoma fimbo.

Haya, wakulima. Kabla ya kufungulia maji msimu huu, kila mtu na atembee ukingoni mwa sehemu yake akiwa na fimbo mkononi. Ikiingia kwa urahisi, usingoje maji yakuambie.